Goti la mtoto likiuma, si kwamba anadeka

Jioni kwenye viwanja vya vumbi, kuanzia Tandale hadi Temeke, utamsikia mzazi akimfokea mwanawe: "Kaza! Mwanaume halii goti." Wengi tunaamini maumivu humkomaza mchezaji. Kwa mtoto wa miaka 10 hadi 15, imani hiyo inaumiza.

Mifupa yake bado inarefuka, na sehemu inayokua ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Msuli wa mbele wa paja umejishikiza kwenye muundi, chini kidogo ya pia ya goti. Kila akikimbia, akiruka au akipiga shuti, msuli unavuta palepale, mpaka panavimba. Pitisha kidole taratibu: utakuta kinundu kigumu, na ukikibonyeza atashtuka. Madaktari huuita ugonjwa wa Osgood-Schlatter.

Mama, mwanao akipanda ngazi za daladala kwa kujivuta, muulize panapouma kabla ya kumgombeza. Kocha, mpunguzie kukimbia na kuruka. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa humtuliza. Mara nyingi tatizo huisha mifupa ikikomaa. Ila akichechemea, akiumwa usiku, au goti lote likivimba, mpelekeni hospitali mapema.