Je, wajua kwa nini mlenga shabaha anachungulia rula kupitia skopu ya bunduki?

Watu wengi wakisikia skopu, ile darubini inayofungwa juu ya bunduki, wanajua ni ya kukuza tu, kitu cha mbali kije karibu basi imeisha. Lakini kwa mtu anayeshindana kulenga shabaha, kukuza ni msaada tu, kazi kubwa ya skopu ni kupima. Ule msalaba wenye alama alama unaouona ndani ukichungulia, wenyewe wanauita retikali, ni rula kamili. Tofauti yake na rula ya mezani ni kwamba haipimi sentimita, inapima pembe. Na ndo maana kuna siku unamkuta mlenga shabaha hana hata risasi moja, kabandika tepu ya kupimia wima kwenye ubao mita 100 kutoka alipo, af anaichungulia kwa skopu huku anazungusha nobu (vile vifundo vya skopu vinavyosogeza msalaba) na kuandika kwenye daftari. Ntafika huko, ila kwanza tuielewe hii pembe.

Kwa nini pembe? Kwa sababu kioo hakijui shabaha iko umbali gani. Ukiinua mdomo wa bunduki kidogo tu, risasi itapanda sentimita chache kwa shabaha ya karibu na itapanda sana kwa ya mbali, ingawa wewe umeinua kiasi kilekile. Sentimita zinabadilika kila ukisogea, pembe haibadiliki. Kipimo kinachopendwa sana ni miliradiani, wengi wanasema mili tu, na maana yake ni nyepesi mno: sehemu moja ya elfu ya umbali. Mili 1 kwa mita 100 ni sentimita 10, kwa mita 500 ni sentimita 50, kwa mita 1,000 ni mita nzima. Hakuna hesabu ngumu hapo.

Hii unaweza kuijaribu na rula ya shule bila bunduki wala skopu. Funga uzi kwenye rula, uzi wa sentimita 50, shika ncha ya pili karibu na jicho, nyoosha uzi ukaze. Sasa kila milimita 1 ya rula inafunika mili 2, manake milimita 1 kwa milimita 500 ni sawa na 2 kwa 1,000. Mlango wa mita 2 ukionekana milimita 10 kwenye rula, hizo ni mili 20, kwahiyo uko mita 100. Hata mwezi unapimika hivyohivyo: kipenyo chake ni kama kilomita 3,474 na uko mbali kama kilomita 384,000, gawanya unapata mili 9 hivi, yaani mwezi mpevu utafunikwa na milimita 4 na nusu tu za rula yako. Watu hawaamini mpaka wapime, maana kwa macho unaonekana mkubwa sana.

Skopu inafanya hesabu hiyohiyo ila kwa usahihi zaidi. Urefu wa kitu kwa mita, zidisha na 1,000, gawanya kwa mili ulizosoma, unapata umbali. Ubao wa sentimita 50 ukijaza mili 1 kamili uko mita 500. Lakini ukisoma 1.1 badala ya 1.0 jibu linaruka mpaka mita 455! Kosa la sehemu moja ya kumi tu, mita 45 zimepotea, ndo maana wazoefu wanasoma retikali bunduki ikiwa imetulia kwenye mfuko wa mchanga na hawakubali kukisia.

Kuna kipimo kingine, dakika ya pembe, kinaandikwa MOA. Duara lina nyuzi 360, kila nyuzi ina dakika 60, na dakika 1 kwa yadi 100 ni inchi 1.047. Wengi wanaifanya inchi 1 kamili na kwa karibu haina shida, ila nenda yadi 1,000 af zungusha dakika 30, halisi ni inchi 314 na we umehesabu 300, inchi 14 hizo zinatosha kabisa kukosa shabaha. Kama unatumia mita nakushauri baki na mili. Na tafadhali retikali na nobu ziwe za kipimo kimoja, kuna skopu zina retikali ya mili na nobu za MOA, hapo kila saa unazidisha na 3.44 wakati upepo unabadilika.

Nobu zenyewe zinaenda kwa kliki, yaani hatua ndogo ndogo unazozihisi ukizungusha. Kliki ya mili 0.1 inasogeza sentimita 1 kwa mita 100, kwahiyo tundu la risasi likiwa sentimita 6 chini na 3 kulia ya ulipolenga, unapiga kliki 6 juu na 3 kushoto, basi. Kwa mita 50 kliki hiyohiyo ni nusu sentimita, utahitaji mara mbili yake.

Jambo moja linalowachanganya wengi ni zumu, yaani picha imekuzwa mara ngapi. Kuna skopu ambazo retikali inakua na kusinyaa pamoja na picha, hizo unapima kwa zumu yoyote. Nyingine retikali inabaki saizi ileile, hizo ziko sahihi kwa zumu moja tu, mara nyingi ile ya mwisho. Kama ni sahihi kwenye 20 na wewe uko kwenye 10, kila mili unayosoma ni mili 2.

Sasa turudi kwenye tepu. Namba iliyoandikwa kwenye nobu ni ahadi ya mtengenezaji, na ndani ya skopu kuna skrubu na springi, zinaweza kusogea pungufu au kuzidi. Kwahiyo bunduki inakaguliwa haina risasi, inabanwa isitikisike, msalaba unawekwa kwenye sifuri ya tepu, unazungusha mili 10. Msalaba lazima usogee sentimita 100. Ukisogea 98, skopu yako inapunguza asilimia 2. Inaonekana ndogo, lakini ukihitaji mili 8 kwa mita 900, umepungukiwa sentimita 14. Si lazima uitupe hiyo skopu, ukishajua tofauti yake unaiingiza kwenye hesabu, mradi iwe ileile kila mara na ukirudisha nobu kwenye sifuri msalaba urudi palepale.

Ila umbali wenyewe upimwe kwa tepu, kutoka kwenye skopu mpaka ubaoni, usihesabu kwa hatua. Ukiweka ubao mita 98 ukidhani ni 100, mili 10 zitasoma sentimita 98 na utailaumu skopu nzima isiyo na kosa. Uwanja wa yadi 100 ni mita 91.44, hapo tegemea sentimita 91.4. Tepu nayo ining'inizwe na timazi, na kama msalaba unapanda huku unakimbilia pembeni ya uzi wa timazi, skopu imefungwa imeinama, legeza bangili zinazoishika kwenye bunduki uinyooshe kabla hujaandika namba yoyote.