Je, wajua kwa nini uji uliobaki kwenye bakuli la mtoto hugeuka majimaji?

Mlishe mtoto wa miezi minane uji mzito wa mahindi, ule unaokaa juu ya kijiko bila kuchuruzika. Akishashiba, weka bakuli kando kwa muda. Ukilirudia utakuta uji uliobaki umelegea, na pembeni maji yamejitenga. Uji wa sufuria ileile ambao kijiko cha mtoto hakikuugusa bado ni mzito, tena umekaza zaidi kwa kupoa. Na hakuna aliyeongeza maji.

Nyumbani utasikia kwamba uji umechacha, au unga ulikuwa mbovu, au mpishi aliuepua kabla haujaiva. Lakini uji hauchachi kwa muda mfupi namna hiyo, na kama shida ingekuwa unga au moto, sufuria nzima ingelegea. Kilichotofautiana ni kijiko. Kila kilipotoka mdomoni kikarudi bakulini kilibeba mate, na mate ya binadamu yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kukata wanga.

Jambo hili dogo la bakulini lina uzito mkubwa, kwa sababu linagusa swali ambalo kila familia hukutana nalo mtoto anapofikisha miezi sita: uji wake uwe mzito kiasi gani? Ili kulijibu, kwanza tuone kwa nini uji huwa mzito.

Unga wa mahindi, ulezi, mtama au mchele kwa sehemu kubwa ni wanga, na wanga umo ndani ya chembe ndogo sana zilizofungamana. Katika maji baridi chembe hizo huzama tu chini ya sufuria. Ndiyo maana unga uliokorogwa kwa maji baridi haugeuki uji hata ukiukoroga mchana kutwa. Joto likifika nyuzi 60 hadi 70 hivi, chembe hunywa maji, huvimba na kupasuka, na minyororo mirefu ya wanga iliyokuwa ndani hutawanyika na kutatana. Chukua ndoo ya maji utumbukize humo nyuzi ndefu za katani zilizovurugika: mwiko hautazunguka. Sasa zitoe, uzikate kwa mkasi vipande vya urefu wa ukucha, uzirudishe ndooni. Mwiko utazunguka bila taabu, ingawa katani yote bado imo na uzito wake ni uleule. Hakuna kilichotolewa wala kilichoongezwa. Kilichobadilika ni urefu tu. Amilesi ndiyo mkasi huo. Inakata minyororo ya wanga kuwa vipande vifupi, vingine vikiwa sukari kabisa, ndiyo sababu uji uliolegezwa hivi huwa na utamu kidogo hata kama hakuna aliyeutia sukari.

Kwa hiyo uji unaweza kuwa mwepesi kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Njia ya kwanza ni kutia unga kidogo na maji mengi. Ya pili ni kutia unga wa kutosha kisha kukata minyororo yake. Kwa macho uji huu na ule ni mmoja. Kwa mtoto anayeunywa, ni vyakula viwili tofauti kabisa.

Hapa ndipo imani iliyoenea mno inapowapunja watoto: kwamba mtoto anayeanza kula anatakiwa uji mwepesi kama maji kwa sababu tumbo lake ni changa, na kwamba uji mzito "utamkaba" au kumfunga choo. Wengine huuchuja ili upite kwenye chuchu ya chupa. Nia ni njema, na wanaofanya hivyo ni watu wanaompenda mtoto. Lakini tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha aanze vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200, yaani kipimo cha nishati, kwa siku kutoka kwenye chakula. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji kama 300. Na kuanzia mwaka mmoja hadi miwili, kama 550. Zinazobaki anazipata kwenye maziwa.

Gramu moja ya unga wa nafaka ina kilokalori zipatazo 3.6. Uji mwepesi wa kunywa hupikwa kwa gramu 50 hivi za unga kwa lita moja. Mtoto wa miezi saba au minane anamaliza kama nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo, na humo mna gramu sita tu za unga, yaani kilokalori 22. Milo mitatu haifiki hata 70. Tumbo limejaa, mtoto ameshiba, amelala, na bado hajapata nusu ya alichohitaji. Uji mzito wa gramu 200 za unga kwa lita humpa kama 90 kwa nusu kikombe kilekile, na milo mitatu ni 270. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula kina kilokalori kama 40, karibu mara mbili ya nusu kikombe cha uji mwepesi.

Tatizo la uji mwepesi, basi, ni nafasi. Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba kama mililita 240, na maji hujaza nafasi sawasawa na chakula. Huwezi kumlaumu mtoto kwamba hali, wala mama kwamba halishi. Wote wawili wamefanya kazi yao, ila bakuli lilijaa maji.

Na kuhusu kukabwa: uji mzito uliopikwa ukaiva, laini, usio na madonge, haumkabi mtoto aliyekaa wima na kulishwa kwa kijiko taratibu. Vinavyokaba ni vitu vigumu au vya mviringo, kama karanga nzima, vipande vya karoti mbichi, zabibu nzima. Siku za mwanzo mtoto husukuma chakula nje kwa ulimi, na wengi hudhani amekikataa. Mara nyingi ni mwitikio wa kuzaliwa nao unaofifia kadiri miezi inavyosonga.

Turudi kwenye mkasi. Mate ya mtoto si mahali pekee penye amilesi. Maziwa ya mama nayo yanayo, na hilo linapendeza mno, kwa sababu katika miezi ya mwanzo kongosho la mtoto bado linatoa amilesi kidogo sana. Maziwa humsaidia kusaga wanga wakati mwili wake unajifunza. Ndiyo maana mama akikamulia maziwa yake kwenye uji wa vuguvugu, uji hulegea kuliko ambavyo maji ya kiasi kilekile yangeulegeza.

Chanzo kingine ni nafaka yenyewe. Punje inapoota, hutengeneza amilesi ili kukata akiba yake ya wanga na kulisha mche. Nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, ndiyo kimea. Chota kijiko cha unga huo mkavu, koroga kwenye uji mzito uliopoa kidogo, na baada ya dakika chache mwiko unaanza kwenda wenyewe. Ni ajabu kuona unga unaongezwa na uji unazidi kuwa mwepesi. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, waliichunguza njia hii miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto hasa, wakitumia ujuzi ambao akina mama wa Kitanzania walikuwa nao tayari kwa kutengeneza pombe na togwa, yaani uji uliochachushwa kwa kimea.

Na pombe ndiyo inayokiponza kimea. Wapo wanaokikwepa kabisa wakiamini kitamlewesha mtoto, kwa kuwa ndicho kinachotumika kwenye mbege na pombe nyingine za kienyeji. Kimea hakina kileo. Kileo hutengenezwa na hamira, baada ya kimea kugeuza wanga kuwa sukari na mchanganyiko kuachwa muda mrefu. Uji uliotiwa kimea ukaliwa palepale haujapata nafasi hiyo. Togwa iliyolala siku kadhaa ni habari nyingine, na haimfai mtoto mdogo.

Anayetaka kujaribu atumie ulezi. Loweka usiku kucha, chuja, tandaza juu ya kitambaa safi chenye unyevu na kufunika kwa siku mbili au tatu hadi vichipukizi vitokee, anika juani hadi ukauke kabisa, fikicha vichipukizi na mizizi uviondoe, kisha saga. Mtama uliochipua si wa kuchezea: vichipukizi vyake vina kemikali inayozalisha sayanaidi, na visipoondolewa vyote ni hatari. Kimea cha mtama kinachouzwa sokoni kwa watengeneza pombe hakikuandaliwa kwa kumfikiria mtoto. Vilevile, nafaka iliyokaa na unyevu ni makao mazuri ya kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya. Punje zilizoota ukungu, hata kidogo, zitupwe.

Moto nao una kanuni yake. Amilesi ni protini, na uji unaochemka huiharibu mara moja. Anayetia kimea kwenye sufuria inayotokota haoni mabadiliko yoyote, kisha anasema kimea ni uongo. Epua kwanza, acha uji upoe kidogo ila uwe bado wa moto, tia kimea, koroga, subiri kama dakika kumi, kisha urudishe motoni uchemke tena. Hatua hiyo ya mwisho isirukwe, kwa kuwa unga mkavu wa kimea haukupikwa na unaweza kubeba vijidudu.

Je, mtoto anayepewa uji wa kimea hukua vizuri zaidi? Hapa ushahidi ni mwembamba kuliko wapenzi wa kimea wanavyosema. Kwamba mtoto hupata nishati nyingi zaidi kwa mlo mmoja, hilo limeonekana tena na tena. Lakini majaribio yaliyofuatilia uzito na urefu yalitoa majibu yasiyolingana, na si vigumu kuona kwa nini: ukuaji hutegemea pia kuhara, malaria, idadi ya milo kwa siku, na kama uji umesukuma maziwa ya mama pembeni. Kwa mtoto mwenye afya anayekubali kijiko, uji mzito wa kawaida ulioongezwa siagi ya karanga au mafuta kidogo unafanya kazi ileile bila kuotesha chochote. Kimea kinang'ara pale mtoto anapoumwa, au anapotoka kuugua, akawa hana hamu wala nguvu ya kumeza kitu kizito.

Tena kimea hushughulika na wanga tu. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo hupungua sana karibu na mwezi wa sita, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Ulezi husifiwa kwa madini, na ni kweli unayo, hasa kalsiamu, lakini una pia fitati inayozuia mwili kufyonza sehemu kubwa ya chuma chake. Kulowesha na kuotesha hupunguza fitati kwa kiasi, hakuimalizi. Ndiyo sababu wataalamu wa lishe hawaachi kuuliza ni nini kingine kimeingia bakulini: yai, dagaa waliosafishwa wakasagwa laini, ini lililopondwa, maharage yaliyoiva yakachujwa maganda. Vyakula hivyo huweza kuanza tangu miezi sita, kimoja kimoja. Asali ingoje mwaka mmoja utimie, kwa kuwa inaweza kubeba bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa kupooza, kwa watoto wachanga, na kuichanganya kwenye uji wa moto hakuwaui.