Hakuna "namba ya Seychelles" ya kukopi

Wiki hii tena. Tuko kwenye kikao hapa Bukavu, mambo ya utalii wa ziwa, papa mmoja (mzee) anasimama, anacheka: "Mama, wewe ulisomea mambo ya visiwa, tupe tu ile namba ya Seychelles, ya watalii wangapi kisiwa kinaweza kubeba, tuigawanye kidogo, tuiweke Idjwi, tumalize." Idjwi ni kile kisiwa chetu cha Ziwa Kivu. Nilishaachaka kuhesabu ni mara ya ngapi.

Namba yenyewe haiko. Fomyula iko, ile ya mtaalamu Cifuentes ya 1992, wote tuliisoma: ukubwa wa ufuko gawanya kwa nafasi ya mtu mmoja, zidisha na mara ngapi watu wanapokezana kwa siku, halafu unapunguza-punguza kwa sababu ya mvua, mmomonyoko, wafanyakazi wachache. Sawa. Sasa hiyo nafasi ya mtu mmoja nani aliipanga?? Ufuko wa meta mraba 10,000, ukimpa kila mtu 5 unapata watu 2,000, ukimpa 20 unapata 500, mchanga ni uleule, kalamu njo ilibadilika. Njo maana mwenye otele anapendaka 5 na mimi napendaka 20, na wote wawili tunasema ni sayansi.

Tena kwenye kisiwa mchanga siyo unaishaka kwanza. Ni maji ya kunywa na choo. La Digue, kisiwa kimoja cha Seychelles, iko na kama kilometa mraba 10 tu, watu wanazunguka na kinga (baiskeli, kwa ninyi wa Dar), na kuna wageni wanafika asubuhi na boti toka kisiwa jirani, Praslin, jioni wanarudi. Ukihesabu vitanda vya otele hao hauwaoni, lakini wanakunywa, wanaoga, wanaenda chooni kama wote. Mwaka 2015 serikali yao ilisimamisha vibali vya otele kubwa mpya kwenye visiwa vya ndani (Mahé na jirani zake). Na plani yao ya bahari, ile ilifikisha asilimia 30 ya maji yao kwenye ulinzi mwaka 2020, iliwakalisha wavuvi na watu wa utalii mezani miaka na miaka.

Kitu vitabu vinapitaka mbio: 1998 bahari ilipata joto, matumbawe mengi sana ya pale yakafa, na si kwa sababu watalii walizidi. Hiyo nikaiweke wapi kwenye fomyula? Mimi naandikaka tu "ipitiwe upya kila mwaka", halafu naomba Mungu kuwe mtu wa kuipitia.

Idjwi haina matumbawe. Iko na wavuvi wa sambaza (vile visamaki vidogo), kando ya maji njo biro yao, na sisi huku plastiki zetu zinashukaka mpaka baraji (bwawa la umeme) ya Ruzizi kuziba mashine.

Papa hakuchoka: "Basi kadirio tu, Mama." Nikamuuliza ile otele anataka kujenga, choo kitamwaga wapi. "Kwenye fose" (shimo la choo). Meta ngapi toka ziwani, na kamyo ya kuvuta uchafu itavuka na boti gani? Ati ataenda kuuliza. Tunarudi kikaoni Alhamisi.