Sukari imeshaisha: dhana potofu kuhusu vitenzi visaidizi vya Kibantu

Dhana iliyoenea zaidi, hasa miongoni mwa wasahihishaji wa insha, ni kwamba "nimeshakula" na "nishakula" ni uvivu wa ulimi wa vijana, na kwamba Kiswahili fasaha ni "nimekwisha kula" peke yake. Ni kweli kwamba maandishi rasmi yana taratibu zake, lakini hoja ya uvivu haina mashiko. Mwenye duka anapomjibu mteja, "Sukari imeshaisha," neno hilo moja limebeba maana ya kufika mwisho mara tatu. Isha ya mwisho ni kitenzi kikuu. Sha ya katikati ni kitenzi hicho hicho kilichokuwa kisaidizi katika "imekwisha kuisha", kikapoteza mwanzo wake na kugandana na kinachofuata. Ya kwanza ndiyo iliyojificha: -me- ni salio la kitenzi cha zamani mala, ambacho jamaa yake maliza tungali naye. Hali timilifu ya kale, yaani umbo linaloonyesha kwamba tendo limekamilika, ilionekana mwishoni mwa kitenzi, lala ikawa lele na simama ikawa simeme, kama zilivyohifadhi tenzi za pwani ya kaskazini. Kwa kanuni hiyo mala ikawa mele, na mele ikapungua hadi -me-. Anayeikataa "nishakula" kwa kuwa imefupishwa hana budi kuikataa na "nimekula", ambayo ilitangulia tu kupita njia hiyo. Waganda wanatuonyesha hatua ya mwanzo ya safari hiyo: wao husema "mmaze okulya", na maze yao ni hali timilifu ya mala ile ile, ikiwa bado neno linalosimama peke yake.

Wapo pia wanaodhani kwamba kitenzi kikishageuka kisaidizi, maisha yake kama kitenzi kikuu yamekwisha. Neno "hajaja" linatosha kuwajibu. Ja ya kwanza ni kiambishi kinachoeleza kwamba jambo halijatimia, nacho kimetokana na kitenzi cha kuja. Ja ya pili ni kitenzi chenyewe, kizima na chenye maana yake kamili. Mzazi na mtoto wamekaa katika neno moja, wala hatuwachanganyi.

Dhana nyingine ni kwamba kisaidizi hubaki na maana yake ya asili. Tunaposema "ukuta unataka kuanguka", hatuuhesabii ukuta matakwa yoyote. Tunasema tu kwamba kuanguka kumekaribia. Kutoka katika taka hiyo hiyo ndiko ilikozaliwa -ta- ya wakati ujao, na umbo lake refu halijafutika, kwani "atakuja" ikitiwa kirejeshi -ye- huwa "atakayekuja", na taka nzima hujitokeza tena. Mwanafunzi huikariri kama kanuni ya pekee, ilhali ni kumbukumbu tu.

Kwamba njia hizi zimeigwa kutoka lugha za Ulaya ni dai lisilohitaji maneno mengi. Kizulu kina "ngizohamba" na "ngiyohamba", nitakwenda karibuni na nitakwenda baadaye. Kiambishi -zo- kimetokana na kitenzi cha kuja na -yo- na cha kwenda, tena kwa mpangilio wa viambishi ambao ni wa Kibantu kabisa.

Hata hivyo tusivuke mpaka kwa kudai kwamba kila kiambishi cha wakati kilikuwa kitenzi cha kutenda. -Na- ya "ninasoma" huhusishwa na na ya "nina kitabu", nayo -li- ni kitenzi kishirikishi cha kuwa. Ndiyo maana "mwalimu aliyepo darasani" yupo sasa hivi, si jana, ingawa -li- inaonekana wazi. Humo imebaki katika kazi yake ya kale, na anayetaka kusema juu ya jana hulazimika kuandika "aliyekuwepo".