Biti na Sauti Zinapoachana: Dhana Potofu Kuhusu Kuoanisha Sikwensa na Programu ya Kurekodi

Biti imetengenezwa Sinza kwenye sikwensa (kipanga midundo) kama FL Studio au MPC, sauti zinaingizwa Temeke kwenye programu ya kurekodi kama Cubase, Reaper au Pro Tools. Ubeti wa kwanza unakwenda vizuri. Kufika kiitikio cha tatu, ngoma iko mbele na mwimbaji yuko nyuma, na kompyuta ndiyo inayolaumiwa. Mara nyingi inaonewa. Kuoanisha kunahitaji vitu vitatu: mahali pa kuanzia, tempo, na saa ambayo saundi kadi hutumia kuhesabu sampuli, yaani vipande vidogo vidogo vya sauti. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki havitoshi.

Dhana: Tempo ikiwa sawa pande zote mbili, kazi imeisha.

Kwanza, hakikisha kweli ni sawa. Biti ikiwa ya mapigo 104.37 kwa dakika na aliyeipokea akaandika 104, baada ya mapigo 240 watakuwa wameachana karibu nusu sekunde. Anayetuma biti aandike tempo kwenye jina la faili, pamoja na desimali zake zote.

Namba zikilingana, bado kuna suala la saa. Kila saundi kadi huhesabu sampuli kwa fuwele yake ya kwatzi, na hakuna fuwele mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Moja ikiwahi kwa sehemu 50 katika milioni na nyingine ikichelewa kwa kiasi hichohicho, wimbo wa dakika 4 unaisha na pengo la milisekunde 24. Kwenye wimbo wa taratibu wa mapigo 90, wengi hawatalisikia. Kwenye singeli ya mapigo 220, robo ya pigo ni milisekunde 68 tu, kwa hiyo pengo hilo ni zaidi ya theluthi yake na mdundo unayumba waziwazi.

Programu mbili zinazotumia saundi kadi moja hazina shida hii, kwa sababu saa ni moja. Kwenye mashine mbili, ziunganishe kwa waya wa sauti ya kidijitali (S/PDIF au ADAT) au waya wa saa ya sampuli, kisha moja iongoze na nyingine iwekwe isome saa kutoka nje. Zote zikiachwa kwenye saa zake za ndani, zitaanza kutoa vimlio vya tik tik ambavyo watu hudhani ni waya mbovu.

Dhana: Nikituma saa ya MIDI, kila kitu kimefungwa pamoja.

MIDI ni lugha ambayo vifaa na programu za muziki hupashana noti na maagizo. Saa yake ni ishara 24 kwa kila pigo, basi. Inaeleza mwendo, haielezi wimbo umefika wapi. Hiyo ni kazi ya ujumbe mwingine, SPP, unaotaja nafasi ya wimbo kwa kuhesabu robo za pigo. Usipouwasha, ukirekodi kuanzia ubeti wa pili sikwensa itaanza mwanzo wa biti. Kwenye Reaper, saa na SPP huwashwa pamoja kwenye mipangilio ya vifaa vya MIDI, upande wa kutoa.

MTC, msimbo wa muda wa MIDI, iko kinyume: inataja saa, dakika, sekunde na fremu, lakini tempo haiijui. Kila upande lazima uandikiwe tempo yake, pamoja na kila mabadiliko ya tempo katikati ya wimbo, na idadi ya fremu ilingane, kwa mfano 25 kwa 25. Nafasi kamili huhitaji ujumbe 8, ambao huchukua fremu 2 kufika, hivyo acha sekunde chache za kimya kabla ya pigo la kwanza ili upande unaofuata upate muda wa kushika.

Jambo linalosahaulika zaidi ni hili: MIDI huongoza noti. Kiki inayopigwa upya kila pigo itafuata saa. Faili ndefu ya WAV ikishaanza kucheza, inakwenda kwa saa ya saundi kadi yake hadi mwisho.

Dhana: Ableton Link inakula bando.

Haili. Link, njia ya kuoanisha programu za muziki bila waya iliyotoka mwaka 2016, hutumia mtandao wa ndani tu. Hotspot ya simu isiyo na bando inatosha. Inashirikisha tempo na pigo. Kuanza na kusimama pamoja unakuwasha mwenyewe, kando, katika kila programu yenye uwezo huo. Vifaa visipoonana, kagua kwanza kinga ya mtandao (firewall) ya Windows.

Dhana: Sauti ikichelewa, uoanishaji umeharibika.

Pima kabla ya kubadilisha chochote. Rekodi metronomu ya sikwensa ndani ya programu yako kwa dakika 4, kisha kuza picha ya wimbi mwanzoni na mwishoni, uone kila mlio uko umbali gani na mstari wa pigo.

Pengo likiwa lilelile mwanzo na mwisho, tuseme milisekunde 12, huko ni kuchelewa kwa bafa, yaani sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzipitisha: sampuli 512 kwenye 44.1 kHz (sampuli 44,100 kwa sekunde) ni milisekunde 11.6, sampuli 128 ni 2.9. Punguza bafa mpaka kabla tu ya sauti kuanza kukwaruza, na kilichobaki kirekebishe kwa kusogeza wimbi. Pengo linalokua ni tempo au saa ya sampuli, kusogeza hakutalitibu. Pengo linalorukaruka linatokana na saa ya MIDI kufika kwa kusuasua: ondoa habu ya USB, na saa ipite njia yake mbali na noti na vidhibiti.

Dhana: 48 kHz ni bora, kwa hiyo itaondoa tatizo.

Kinachotakiwa ni kulingana. Faili ya 44.1 ikisomwa kama ya 48, wimbo wa dakika 4 unaisha kwa sekunde 220.5, na sauti inapanda karibu nusutoni moja na nusu.

Dhana: MP3 ya 320 kbps inatosha kurekodia.

Kwa kusikiliza, sawa. Lakini MP3 huongeza kimya mwanzoni: kwa LAME, programu ya kutengenezea MP3, kufinya na kufungua pamoja ni sampuli 1,105, karibu milisekunde 25. Baadhi ya programu hukikata kimya hicho, nyingine hukiacha.

Kwa kuingiza sauti za mwimbaji, ushauri wetu ni kuacha kabisa kuoanisha programu mbili moja kwa moja. Toa kila ala kama WAV ya 24-bit, zote zianzie sifuri hata kama ala inaingia dakika ya pili, na weka mlio mmoja mfupi kwenye pigo la kwanza. Tuma kwa flashi, au WhatsApp kama dokumenti. Anayepokea aweke faili zote kwenye sifuri, aandike tempo, akague mlio huo, ndipo afungue maiki.