Mwalimu bora apelekwe P.1

Kila matokeo ya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi Uganda, yakitoka, magazeti ya Kampala huzipanga shule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na huku kwetu Busia, mpakani na Kenya, habari inakuwa hiyo hiyo wiki nzima. Mzazi aliyejaliwa vijisenti huuliza ni shule ipi imetoa daraja la kwanza nyingi, kisha anamhamisha mtoto. Simlaumu, anamtafutia mwanawe nafasi. Lakini mimi kazi yangu ni mipango ya shule za msingi, na ninaona jinsi orodha ile inavyoziharibu shule kwa ndani, muda mrefu kabla mtihani haujafika.

Mwalimu mkuu anajua kwamba atapimwa kwa darasa moja tu. PLE ina masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9, ndiyo maana mtoto aliyefaulu kabisa anapata jumla ya 4, na daraja la kwanza linaishia 12. Basi walimu hodari wote wanapangiwa P.7, darasa la mwisho la msingi. Karatasi za majaribio, chaki, taa ya prepu (kujisomea) ya alfajiri, vyote P.7. Darasa la kwanza, yaani P.1, anapewa mwalimu aliyeripoti juzi, au yule anayehesabu miezi ya kustaafu. Nimeingia P.1 nikakuta watoto zaidi ya mia wamekaa sakafuni, vitabu vya kusoma vimefungiwa kabatini ofisini visije vikachanika. Mwalimu anaandika herufi ubaoni, na walio nyuma wanaifuatisha kwa kidole vumbini kwa sababu hawana penseli. Ukivuka uwanja, P.7 wako thelathini na kitu, kila mmoja na dawati lake.

Hao wengine wamekwenda wapi? Wapo walioacha kwa sababu ya umaskini, mimba, au kazi za mpakani. Lakini wapo pia waliosukumwa. Mtoto akionekana mzito, anarudishwa P.6 mwaka wa pili, au mzazi anaitwa na kuambiwa amtafutie shule nyingine. Kuna shule zinazomsajili mtoto wa aina hiyo kwa namba ya kituo kingine cha mtihani, ili alama zake zisionekane kwenye jina lao. Shule zikishindanishwa kwa wastani, njia rahisi ya kuupandisha ni kumwondoa anayeushusha. Wala haihitaji mwalimu mkuu awe mtu mbaya. Anafuata kile anachosifiwa nacho.

Tunasahau tulikotoka. UPE, mpango wa elimu ya msingi bila ada kwa wote, ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka milioni 3 na kitu hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Lilikuwa jambo kubwa sana, na mpaka leo naliheshimu. Ila wale walioingia P.1 mwaka huo, hata robo yao hawakufika P.7 mwaka 2003. Mlango ulifunguliwa, na walimu na fedha hawakuwafuata watoto kule walikokuwa wengi zaidi.

Nchi nyingine zimeupima ushindani kwa vitendo. Chile ilianza mwaka 1981 kuipa kila shule, ya umma au ya binafsi, fedha za serikali kwa kila mwanafunzi iliyemvuta, kwa imani kwamba shule dhaifu zitajirekebisha zenyewe. Kilichotokea ni watoto kutengana kwa uwezo wa wazazi. Mwaka 2008 ikabidi watunge sheria ya kutoa ruzuku ya ziada kwa mtoto maskini, na mwaka 2015 wakapiga marufuku shule zinazopokea fedha za umma kuchuja watoto wakati wa kuandikisha. Finland ilipita njia tofauti. Mageuzi ya shule za aina moja kwa watoto wote yalianzia kaskazini, Lapland, mwaka 1972, ndipo yakateremka kusini kwenye miji mikubwa. Walianzia pembezoni. Shule zao za msingi hazina mtihani wa taifa wa kuzipanga, na matokeo ya PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, ya mwaka 2000 yalipotoka walikuwa juu kabisa katika kusoma.

Najua Uganda si Finland, na sitaki tuige nchi yenye fedha kutuzidi. Ninachotaka ni ule mpangilio wa nani atangulie.

Kwetu ruzuku ya UPE kwa miaka kadhaa ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, kiwango kimoja kwa mtoto wa Kampala na wa Karamoja, eneo maskini la kaskazini mashariki. Hiyo inaonekana haki mpaka ukumbuke kwamba Sheria ya Elimu ya 2008 imemwachia mzazi chakula cha shuleni. Kwa mzazi wa Kampala mwenye mshahara, ugali na maharage vinalipika. Kijijini, mtoto anashinda na njaa hadi jioni, na saa nane mchana hakuna mwalimu awezaye kumfundisha kugawanya. Posho ya asilimia 30 kwa watumishi wa maeneo magumu kufikika ni wazo sahihi, lakini bila nyumba ya mwalimu karibu na shule, anayeipokea bado atatafuta uhamisho.

Hata Kiswahili kitaingia mtego huu. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima. Walimu wake ni wachache, na tukiwaacha wagombaniwe, shule zenye fedha za kuongeza mshahara zitawamaliza.

Fedha na sheria zitachukua muda. Upangaji wa walimu ndani ya shule hausubiri bunge: mwalimu mkuu anaweza kuubadilisha muhula huu. Kwa hiyo ninyi mlio kwenye kamati za shule, kikao kijacho msiulize daraja la kwanza ni ngapi. Ombeni daftari la mahudhurio la P.1 la miaka sita iliyopita, mliweke kando ya orodha ya waliofanya PLE mwaka huu, mlinganishe jina kwa jina. Kisha mwulizeni mwalimu mkuu ni nani anafundisha P.1 sasa hivi, na kwa nini ni huyo.