Wajibu wa uangalifu wa dereva hautokani na nauli

Kila ikitokea ajali ya boda au daladala lazima atokee mtu aulize "kwani nauli alikuwa ashalipa?" kana kwamba hiyo ndo inaamua kama majeruhi ana haki ya kudai. Jamani hii imezidi sasa.

Wajibu wa uangalifu kwa kifupi: dereva anayebeba watu anatakiwa kisheria aendeshe kwa umakini wa dereva anayejua kazi yake, asipofanya hivyo na ukaumia kwa sababu hiyo, ni uzembe na unaweza kudai fidia. Basi. Nauli haimo humo.

Habari ya nauli ni ya mkataba, na zamani mahakama za Uingereza ziling'ang'ania hapohapo. 1842, kesi ya Winterbottom na Wright, dereva wa gari la farasi la posta alirushwa chini gari likaharibika njiani, akamshtaki mwenye kandarasi ya kulihudumia, akashindwa maana kandarasi ilikuwa kati ya huyo jamaa na mkuu wa posta, yeye hayumo. Ila kwa abiria mambo yalibadilika mapema: 1867 kampuni ya reli ya Uingereza, Great Western Railway, ilimbeba mama na mtoto aliyevuka miaka mitatu kidogo, umri wa kulipiwa nusu, mama kakata tiketi yake tu, mtoto akaumia, kampuni ikajitetea kwamba hajalipiwa, mahakama ikaikatalia maana kampuni ilishampokea mtoto kwenye treni. Alafu 1932 ikaja Donoghue na Stevenson, mama aliyedai kakuta konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi, na soda yenyewe alinunuliwa na rafiki, kwahiyo hakuwa na mkataba na mtengenezaji aliyemshtaki, hapo ndo jaji Lord Atkin akasema unatakiwa uwe mwangalifu kwa yeyote ambaye unaweza kuona mapema kwamba kitendo chako kitamuumiza.

Msingi huo ndo tuliorithi Tanzania na Kenya. Kwahiyo mtoto wa kupakatwa, mwanafunzi wa nusu nauli, bibi aliyepandishwa bure, wote wana haki ya uangalifu uleule kutoka kwa dereva. Konda akigonga bati gari likaondoka wakati mguu wa mama mmoja bado uko chini, hakuna cha kusema hajatoa hela, na tajiri wa gari naye anaingia maana hao wanafanya kazi yake.

Kweli, dereva hajakuwekea dhamana kwamba utafika salama kwa vyovyote, kasoro ambayo hata fundi makini asingeiona sio uzembe wake. Lakini tairi kipara kila mtu analiona. Na ukikubali kupanda mshikaki bila helmeti fidia yako inaweza kupunguzwa, ila wajibu wake uko palepale.

Kwahiyo ndugu zangu, mtu akiumia kwenye boda msianze na nauli. Ulizeni dereva alikuwa spidi gani, breki zilikuwa zinashika, na nani aliona.